Kwa Jaramogi, Kupitia Mlango wa Duka

Watu wengi waendao Bondo huenda kuzuru kaburi. Mimi nilikwenda nikifuata duka. Kabla Jaramogi Oginga Odinga hajawa mbunge, kabla hajawa makamu wa kwanza wa rais wa Kenya, na kabla hajakosana na Rais Jomo Kenyatta akatiwa kizuizini, alikuwa mwalimu aliyeweka chaki chini akaingia biashara. Maisha yake yakisimuliwa, miaka ile hupitiwa mbio mbio ili msimulizi awahi kufika kwenye siasa. Lakini mimi nimelelewa dukani, Majengo, Mombasa, na najua kwamba mtu aliyekaa nyuma ya kaunta miaka hatoki vile alivyoingia. Nilitaka kupaona mahali alipojifunzia.

Upande wa ziwa nilikuwa sijaufika maishani. Sisi watu wa Pwani tuna tabia hiyo: Tanga tunapajua, Lamu tuna wajomba, Unguja tuna mashangazi, lakini ukitaja Kisumu mtu atakuuliza kama huko kuna baridi. Baridi iko Kericho. Basi lilipopita kule, kati ya mashamba ya chai yaliyokatwa sawasawa mpaka upeo wa macho, abiria walifunga madirisha. Tukaanza kuteremka. Kila kona koti moja likavuliwa, na tulipofika Ahero, penye mashamba ya mpunga na korongo weupe wakisimama majini, madirisha yote yalikuwa wazi na mimi nilijihisi niko kwetu. Joto la Kisumu halina chumvi, hiyo ndiyo tofauti.

Mama niliyeketi naye alikuwa akirudi nyumbani kwa matanga, na mfuko wake wa mkate na majani ya chai aliupakata njia nzima. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akauliza nimeoa huku? Hapana. Nina kazi huku? Hapana. Nafuata nini basi? Nikamwambia nataka kuona pale Jaramogi alipokuwa akifanyia biashara. Alinitazama kwa makini. "Mwanangu," akasema, "Jaramogi alikuwa na biashara nyingi, unataka ipi?" Kisha akanihesabia: za chama, za nyumba, za ng'ombe. Wa mbele yetu akageuka akaongeza ya kiwanda cha mitungi ya gesi, akasahihishwa na wa nyuma kwamba hiyo ni ya mwanawe Raila, East African Spectre, ya mwaka 1971. Basi zima likawa na neno la kusema. Nilijua nimeingia nchi ambayo mzee huyu hahitaji kutambulishwa.

Mji wa Kisumu umeletwa na reli, ile ile iliyoanzia kwetu Kilindini. Ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo kikaitwa Port Florence. Nyuma ya reli, na mara nyingine mbele yake, walikuja wenye maduka. Mkubwa wao alikuwa Alidina Visram, ambaye sisi wa Mombasa twamjua kwa shule yenye jina lake na hatujiulizi fedha ilitoka wapi. Ilitoka katika matawi ya duka yaliyofuata njia ya reli hadi Kisumu na kuvuka mpaka Uganda: nguo, chumvi, sukari, mafuta ya taa kwenda ndani, ngozi, pamba, ufuta kuja pwani. Visram alikufa 1916. Kufikia hapo duka la Mhindi lilikuwa limekwisha kuwa sehemu ya mandhari ya Nyanza, na Mjaluo mwenye kuku au debe la mahindi alijua bei itapangwa na nani.

Barabara kuu ya maduka hayo leo inaitwa Oginga Odinga. Sijui kama aliyechagua jina alikuwa na ucheshi au aliona inafaa tu. Nilitembea asubuhi chini ya varanda zake, kivuli kimoja hadi kingine, kabla jua halijapanda. Katika duka moja la vitambaa alikaa mzee wa Kihindi kwenye kiti cha plastiki karibu na droo ya fedha, mguu mmoja ameuvua kandambili. Mteja aliingia, mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni, akauliza bei ya mita tatu za satini. Mzee akamjibu kwa Kijaluo. Wakabishana kwa Kijaluo, wakacheka, akakatiwa mita tatu na robo. Nilipomsalimu kwa Kiswahili, Kiswahili chake kilikuwa kizito kuliko Kijaluo chake. Nikamuuliza kama jina la barabara halimkwazi, kwa kuwa yule bwana alianza biashara ili awapunguzie wateja watu kama yeye. "Kakangu," akaniambia, "yule naye alikuwa akija kununua hapa. Kila mtu ananunua hapa."

Ili kuelewa alichokitaka Odinga ni lazima kwanza kuelewa duka linakwendaje. Mwenye duka mdogo hanunui mali kwa fedha yake. Huchukua mali kauli: mwenye ghala humpa magunia na majora ya nguo leo, naye hulipa akishauza. Baba yangu hakuwa na mtaji hata siku moja maishani mwake. Alikuwa na jina, na jina lilitosha kujaza rafu. Sasa serikali ya kikoloni Kenya ilikuwa na sheria iliyomkata Mwafrika hapo hapo. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika zaidi ya shilingi 200 hakuweza kumdai mahakamani, isipokuwa mkopo uwe umeidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilielezwa kwamba ni kumlinda Mwafrika asizame kwenye madeni. Matokeo yake ni kwamba mwenye ghala alikuwa na haki ya kukataa kukuamini, na alikataa. Muuzaji wa Kihindi aliye jirani yako alijaza duka kwa mali kauli. Wewe ulikwenda na noti zako mkononi, ukanunua gunia moja la sukari, ukaliuza kwa vibaba, ukarudi kununua jingine. Watu wakasema Waafrika hawajui biashara.

Odinga alizaliwa karibu na mwaka 1911 huko Nyamira Kang'o, Sakwa. Alisoma Maseno, kisha Alliance, kisha Makerere, akarudi Maseno mwaka 1940 kufundisha. Kuanzia 1943 hadi 1946 alikuwa mkuu wa shule ya mifugo hapo hapo Maseno. Kwa Mwafrika wa wakati ule hiyo ilikuwa kazi ya kutosheka nayo: mshahara, nyumba, heshima, na suruali iliyopigwa pasi. Aliiacha.

Nilipanda matatu ya Maseno kwenye stendi kuu. Si mbali, kama kilomita 25, lakini barabara ikishapita Kisian hupanda ukingo wa bonde na ziwa hubaki chini nyuma yako, pana, lenye rangi ya chai ya maziwa. Hewa ikabadilika. Miti ikawa mirefu, na mawe makubwa ya mviringo yakaanza kujitokeza shambani, mengine yamekaliwa na watoto, mengine na mbuzi. Ikweta inapita hapa, na kuna alama kando ya barabara ambapo watu hushuka kupiga picha mguu mmoja kila upande. Dereva wetu hakupunguza mwendo.

Shule ya Maseno ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana wa CMS mwaka 1906, na mtu akisimama karibu na lango lake ataelewa kwa nini walipapenda. Kuna ubaridi, kuna maji, na mtu anaweza kujidanganya yuko kwao. Mwalimu mkuu aliyetawala hapa toka 1928 hadi 1940, Carey Francis, aliwafundisha vijana hesabu, mpira na unyofu, na Odinga alikuwa mmoja wa wanafunzi waliochukua vyote vitatu na bado wakabaki na ubishi. Alibatizwa Obadiah Adonijah. Baadaye akayaweka kando majina hayo, na ilipofika zamu ya watoto wake akashikilia wabatizwe kwa majina ya Kijaluo, jambo lililomgombanisha na kanisa. Nalitaja hapa kwa sababu ni moyo ule ule ulioanzisha duka. Mtu asiyetaka jina la kuazima hatapenda pia bei ya kuazima.

Ilianza na akiba. Katikati ya miaka ya 1940, yeye na wenzake wa Bondo walikusanya fedha kidogo kidogo katika chama cha kuweka akiba, na mwaka 1947 chama hicho kikawa kampuni iliyosajiliwa: Luo Thrift and Trading Corporation, ambayo watu waliifupisha LUTATCO. Mtaji wake ulikuwa hisa za watu wa kawaida, walimu, makarani, askari waliotoka vitani Burma na bahashishi zao. Duka lake la mwanzo lilikuwa hapa Maseno. Baadaye wakajenga Kisumu jumba walilolipa jina la babu wa Wajaluo, Ramogi House, na wakawa na mtambo wa kuchapa, Ramogi Press, ambamo Achieng' Oneko alifanya kazi ya magazeti kabla hajakamatwa Oktoba 1952 na kushtakiwa Kapenguria pamoja na Kenyatta. Duka na gazeti, chini ya kampuni moja. Mhasibu wa leo angeuliza vitu hivyo vinahusianaje. Mwenye duka hana haja ya kuuliza, kwa kuwa kaunta ndipo habari zinapoletwa na ndipo zinapotoka.

Sokoni Maseno nilimuuliza muuza mitumba duka la Jaramogi lilikuwa upande gani. Akanyoosha mkono kuelekea barabara ya Luanda. Jirani yake akanyoosha kuelekea Kisumu. Wakaanza kubishana, wa tatu akaingia, na mzee mmoja mwenye baiskeli aliposimama kuamua, wakamwita "Jaduong'", yaani mzee, na kumnyamazia. Yeye hakuonyesha upande wowote. Aliniambia, kwa Kiswahili cha mtu aliyefanya kazi mjini, kwamba alipokuwa mtoto alitumwa huko na mama yake kununua chumvi, ijapokuwa kwa Mhindi ilikuwa karibu zaidi. Kwa nini mama alimtuma mbali? "Alikuwa na hisa," akasema. "Ukiwa na hisa huwezi kununua chumvi kwa mwingine. Utakuwa unajiibia."

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho vitabu vilikuwa vimenieleza bila kunionyesha. Mwanahistoria E. S. Atieno-Odhiambo aliandika historia ya kampuni hii kuanzia 1945 hadi 1956, na anayeisoma kwa jicho la biashara atahuzunika: mtaji haukutosha, wenye uzoefu wa kusimamia walikuwa wachache, na kila shilingi iliyoingia ilikuwa na kazi tatu zikiisubiri. Ningeiendesha mimi ningefunga baada ya mwaka. Lakini yule mama wa chumvi hakuwa mteja, alikuwa mwanachama. Aliitembelea kampuni kila wiki. Aliijua sura ya aliyekaa kaunta na aliyekaa ofisini, aliuliza habari za fedha yake na alijibiwa. Ukiwa na maelfu ya watu wa namna hiyo, una chama cha siasa, ijapokuwa hakiitwi hivyo.

Wenye hisa hawakuwa Nyanza peke yake. Odinga alizunguka miji ya Afrika Mashariki ambako Wajaluo walikuwa wameajiriwa, relini, bandarini, kwenye viwanda, akiuza hisa na kuwahimiza. Alikuja kwetu Mombasa pia. Nimewahi kufikiria wale wapakuzi wa Kilindini, wamemaliza zamu, wamekaa chumba kimoja watu wanane, wanamsikiliza mtu aliyevaa kofia ya shanga akiwaeleza habari za faida na akiba. Shirika la Luo Union, lililowaunganisha watu hao katika nchi zote tatu, likaja kumfanya Ker wake, yaani mkuu. Kufikia hapo ilikuwa vigumu kusema mikutano ya hisa iliishia wapi na mikutano mingine ilianzia wapi.

Na siasa yenyewe, ile ya wazi, aliianzia chini kabisa. Mwaka 1947, mwaka wa kusajili kampuni, aliingia katika baraza la lokesheni ya Sakwa, na akawa pia katika Baraza la Wilaya la Waafrika la Nyanza ya Kati. Mabaraza hayo yalizungumzia mambo ya machifu, kodi, mashimo ya kuogeshea ng'ombe, na matuta ya kuzuia mmomonyoko. Mwenyekiti alikuwa DC, mkuu wa wilaya wa kikoloni. Wengi waliona ni kazi ya kupigia kura ya ndiyo. Odinga alikwenda na tabia yake ya dukani, ya kutaka kuona hesabu, na haikuchukua muda akawa mwiba.

Kuna safari moja aliyoifanya ambayo kwangu ni ya ajabu kuliko zote. Mwaka 1953, wakati Kenya iko katika hali ya hatari na safari za Waafrika wengi zikizuiwa, alikwenda India akakaa miezi miwili, kisha akaandika kijitabu kwa Kijaluo kueleza aliyoyaona huko. Mtu aliyeanzisha kampuni ili Mjaluo asinunue kwa Mhindi, akapanda chombo akaenda kwao Mhindi kutazama watu waliojitawala wanajiendeshaje. Hakuona mgongano wowote hapo. Ugomvi wake haukuwa na watu wa India. Ulikuwa na mpango uliompa mmoja mali kauli na mwingine akanyimwa, na aliyeupanga mpango huo hakuwa muuza vitambaa.

Siku iliyofuata nilishika njia ya Bondo. Unarudi Kisian, unaacha barabara ya Busia, unafuata ile inayokwenda Usenge. Hapa nchi ni kavu zaidi, udongo mwekundu, mihogo na mtama, na mawe yanazidi kuwa makubwa. Kit Mikayi linaonekana mbali upande mmoja, mawe yaliyopandiana juu kuliko nyumba yoyote ya kijijini. Kondakta alinionyesha kwa kidevu huku akihesabu chenji. Ndori, abiria walishuka na majogoo. Bondo ina chuo kikuu sasa, nacho kina jina la Jaramogi, na mji umejaa vibanda vya kuchapa kazi za wanafunzi, vya chipsi, na vya M-Pesa vilivyobanana ukuta kwa ukuta. Kibanda kimoja kilikuwa na karatasi iliyobandikwa: LEO PESA, KESHO MKOPO. Nilicheka peke yangu. Baba alikuwa na karatasi hiyo hiyo, maneno hayo hayo, na chini yake daftari la mikopo lililojaa mpaka jalada.

Kwa bodaboda nilifika Kang'o. Nilitarajia utulivu wa makumbusho, nikakuta msururu. Raila alifariki India tarehe 15 Oktoba 2025 na kuzikwa hapa siku nne baadaye, na watu hawajaacha kuja: kina mama wa kanisani waliovaa sare, wanafunzi, wazee waliokodi matatu nzima toka Migori. Wengine walilia kwa sauti, wengine walipiga picha, wengi walifanya yote mawili. Baba yake amelala hapo tangu 1994 katika jumba la kumbukumbu linalotunzwa na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Ndani, mavazi, kofia, migwisho, na picha za mikutano na marais ambao wengi wamesahauliwa.

Kijana aliyetuongoza alikuwa na maelezo yake aliyoyakariri, ya kuanzia kuzaliwa hadi chama cha FORD, na aliyatoa vizuri. Nilipomuuliza habari za LUTATCO aliyaacha. Akanivuta pembeni. Alisema wageni huuliza juu ya Kenyatta, juu ya mwaka 1969, juu ya Moi, wa duka ni nadra, na babu yake mwenyewe alikuwa seremala wa kampuni. Tuliongea pale ukutani mpaka msururu ukatupita. Alinieleza kwamba babu yake alimwogopa Odinga kuliko alivyomwogopa DC, kwa sababu DC hakuhesabu misumari.

Mambo ya 1969 sikuyauliza mimi, ila yanajua kukutafuta yenyewe. Odinga alivuliwa cheo kwa ujanja wa katiba ya chama tawala, KANU, kule Limuru Machi 1966, akajiuzulu umakamu, akaunda chama cha upinzani, KPU. Oktoba 25, 1969, Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, maneno yakawa makali, risasi zikapigwa, watu wakafa. KPU ikapigwa marufuku, Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971. Hospitali ile nayo leo inaitwa kwa jina la Odinga, na watu wa Kisumu bado huiita Russia.

Nikiwa pale nilijiuliza neno ambalo, kwa heshima zote, sikumuuliza yule kijana. Kampuni ilikuwa na jina la kabila. Kwa mwaka 1947 naelewa: mtu hukusanya fedha kwa wanaomwamini, na imani ilifuata ukoo na lugha. Nasi Pwani tulifanya hivyo hivyo, kila jamaa na chama chake cha kuzikana. Lakini chombo kilichomjenga Odinga kilimjengea na ukuta. Machi 1957, Waafrika walipochagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, viti 8 nchi nzima, Odinga alimshinda B. A. Ohanga huko Nyanza ya Kati, mtu aliyekuwa waziri wa kwanza Mwafrika. Ushindi ule ulitoka kwa wenye hisa. Mwaka huo huo Tom Mboya, Mjaluo mwenzake, alichaguliwa Nairobi na watu wa makabila yote kwa nguvu ya vyama vya wafanyakazi. Hawa wawili hawakupatana, na husemwa sana kwamba ni kwa sababu ya Urusi na Marekani. Mimi naona pia ni kwamba mmoja alikusanya watu kwa hisa na mwingine kwa kadi ya chama cha wafanyakazi. Hata hivyo ni Odinga, mtu wa duka la kabila, aliyesimama katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958 akatamka kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa ndio bado viongozi wa wananchi. Waafrika wenzake barazani walishtuka. Hakuuza chochote siku ile, alilipa.

Jioni nilirudi Bondo kusubiri matatu ijae. Mama mmoja aliyekuwa akipima omena, dagaa wa ziwani, kwa kikombe alinieleza chama chao kinavyokwenda: wanawake ishirini, wanachanga kila Alhamisi, wanakopeshana, daftari linakaa kwa mmoja na fedha kwa mwingine. Nikamwambia kulikuwa na mzee wa hapa aliyeanza hivyo hivyo. "Yule alikuwa na karani," akajibu, "sisi kila mtu anaandika," akanifungia omena wangu kwenye gazeti.

Matatu ilipojaa, nilibanwa kati ya wazee wawili, wote wamevaa makoti licha ya joto, waliotoka Kang'o kama mimi. Wakauliza nafuata nini, nikawaambia, na mmoja akacheka mpaka akakohoa. Baba yake alikuwa karani wa reli, alinunua hisa za LUTATCO kabla hata ya kuoa. Nikamuuliza alipata faida kiasi gani.

"Faida? Hata senti."

"Na uchaguzi wa 1957, alimpigia kura nani?"

Mwaka ule haki ya kura ilipimwa kwa elimu, kipato, mali na utumishi, na Mwafrika aliyetimiza masharti mengi aliweza kupewa kura hadi tatu. Mzee aliinua vidole viwili.

"Serikali ilimpa kura mbili. Zote alimpa Jaramogi."

"Na hisa zake?"

"Stakabadhi anazo ndugu yangu mkubwa, Ugunja. Hatujazitupa. Nani ajuaye?" Mwenzake akaanza kumuuliza ni hisa ngapi, na kama jina lililoandikwa ni la baba au la babu, kwa sababu, alisema, kwa sheria za urithi hilo litaleta tabu, na wakaendelea hivyo mpaka Ndori.